Printa inaandika "Offline" kila umeme ukirudi, naombeni msaada

MwalimuGoba
Wakuu habari za jioni. Nina printa ya wino wa tangi hapa nyumbani, naitumia kuprinti mazoezi ya watoto wa twisheni. Ina waifai na USB tu, haina tundu la kebo ya mtandao. Inaprinti vizuri, lakini umeme ukikatika na kurudi, laptopu inang'ang'ania kwamba printa iko Offline. Ukiitazama printa yenyewe, taa ya waifai imewaka bluu, imetulia, kama haina ugomvi na mtu. Nikichomeka USB inaprinti palepale. Cha ajabu, simu yangu inaprinti kwa waifai huku laptopu imegoma.

Fundi alikuja akafuta printa kwenye laptopu, akaingiza draiva (programu ya kuiunganisha laptopu na printa) upya, ikakubali. Nikamlipa akaondoka. Umeme ulipokatika tena tukarudi kulekule.

Intaneti tuna mbili: faiba, na ruta ya laini ya simu ambayo baba watoto ameiweka kwa ajili ya siku faiba ikizingua. Laptopu ni Windows 10. Mitihani ya muhula imekaribia na humu ndani nimeshaanza kuambiwa tuuze hii tununue nyingine. Natanguliza shukrani.

KijanaWaMjini
Mwalimu usijitese, chukua waya wa USB wa mita kumi maisha yaendelee.

ZimaWasha
Zima printa, zima ruta, zima laptopu. Washa vyote. Karibu.

MwalimuGoba
ZimaWasha hiyo nimeifanya sana, kuna siku inakubali na kuna siku haigusi kabisa. Waya siutaki, printa iko sebuleni na mimi nafanyia kazi chumbani, watoto watajikwaa waiangushe.

BabaKebo
Na huo wa mita kumi asikuuzie mtu. USB 2.0 ambayo printa nyingi za nyumbani hutumia ukomo wake ni mita 5. Ukizidisha bila kifaa cha kukuza mawimbi katikati, kazi zitakuwa zinakatika njiani.

FutaFoleni
Mimi ilinitokea, kumbe kulikuwa na kazi moja iliyokwama imezuia zote. Fungua services (orodha ya huduma za Windows), simamisha Print Spooler, ile inayoshika foleni ya kuprinti, ingia C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, futa mafaili yaliyomo, kisha iwashe tena.

FundiNyaya
Hiyo ya FutaFoleni ni nzuri kazi ikikwama, ila hapa sioni kama ndiyo yenyewe, maana inakuja na umeme.

Mwalimu, usifute chochote kwanza. USB inaprinti, kwa hiyo printa ni nzima. Simu inaprinti kwa waifai, kwa hiyo printa iko kwenye mtandao. Kilichobaki ni njia kati ya laptopu na printa. Hilo neno Offline lisikutishe, mara nyingi maana yake ni kwamba laptopu imeita anwani fulani na haikuitikiwa.

Nataka namba mbili, na nazitaka wakati imegoma, siyo wakati inafanya kazi. Ikigoma usizime kitu. Kwenye menyu ya printa, upande wa mtandao, kuna sehemu ya kuprinti karatasi ya taarifa za mtandao. Kama haina skrini, kuna vitufe vya kushikilia, angalia kile kijitabu chake. Soma anwani ya IP, yaani namba inayokitambulisha kifaa kwenye mtandao. Halafu kwenye laptopu shika kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, kisha ipconfig, usome IPv4 ya waifai, ndiyo anwani ya laptopu. Zilete hapa. Usiogope kuzianika, zinazoanza na 192.168 ni za ndani ya nyumba tu, hazimleti mtu kwako.

MwalimuGoba
Umeme ulikatika jana usiku, asubuhi hii imegoma kama kawaida yake. Karatasi ya printa inasema 192.168.100.23. Laptopu inasema 192.168.8.104.

FundiNyaya
Umelikamata. Angalia fungu la tatu: printa 100, laptopu 8. Hivyo ni vifaa viwili kwenye mitandao miwili tofauti. Visanduku vingi vya faiba hugawa anwani za 192.168.100, na ruta nyingi za laini hugawa za 192.168.8. Laptopu yako iko kwenye ruta ya laini.

Kwa nini baada ya umeme? Kwa sababu laptopu inazijua waifai zote mbili. Umeme ukirudi, ile itakayowahi kuwaka ndiyo inayodakwa, na kwako naona ya laini inawahi. Printa inaijua ya faiba peke yake, kwa hiyo inaisubiri mpaka iwake. Nadhani na simu yako hukuipa paswedi ya laini, sivyo?

MwalimuGoba
Ni kweli, simu ina bando lake, sikuona haja. Basi nimeirudisha laptopu kwenye waifai ya faiba, sasa ipconfig inasema 192.168.100.9. Printa BADO Offline! Hapo ndipo ninapochoka.

SitakiLaini
Ungeizima tu hiyo ruta ya laini, vitu viwili vinavyofanya kazi moja ndani ya nyumba ni kutafuta kesi.

PotiTisa
Mwalimu usichoke, una tatizo la pili limejificha nyuma ya la kwanza. Bonyeza kulia kwenye printa, fungua Printer properties (siyo Properties ya kawaida), nenda Ports (poti, njia ambazo laptopu inapelekea kazi), tazama mstari wenye alama ya vema. Kuna IP gani?

MwalimuGoba
192.168.100.17.

PotiTisa
Na karatasi inasema .23. Laptopu inapeleka kazi kwenye nyumba ambayo printa imeshahama. Ruta hukodisha anwani kwa muda, na ikiwaka upya inaweza kuzigawa upya kwa mpangilio mwingine. Fundi wako alipoingiza printa upya, laptopu iliandika anwani ya siku ile, ndiyo maana ikakubali na ndiyo maana haikudumu. Simu haisumbuki kwa sababu kila ikitaka kuprinti huuliza upya mtandaoni nani ni printa, haikariri namba.

Hapohapo kwenye Ports bonyeza Add Port, chagua Standard TCP/IP Port, andika 192.168.100.23. Ikimaliza, fungua Configure Port, na kama kuna tiki kwenye SNMP Status Enabled itoe. Hiyo tiki huifanya Windows iite printa Offline hata ikiwa macho, kwa sababu tu haikujibu salamu ya namna fulani.

MwalimuGoba
IMEPRINTI! Mazoezi ya hesabu yote, pande mbili. Sasa isihame tena nifanyeje?

BabaKebo
Kwenye menyu ya printa yenyewe andika IP ya kudumu. Kazi kwisha.

PotiTisa
BabaKebo hapo tunapishana. Ukiandika .23 kwenye printa bila ruta kujua, ipo siku ruta itaigawa .23 kwa televisheni na vitagongana. Na siku akibadilisha kampuni ya faiba, printa itabaki na anwani ya mtandao usiokuwepo. Bora aitenge ndani ya ruta. Ile karatasi ina MAC, namba ya kudumu ya kifaa chenyewe, jozi sita za herufi na namba. Aingie 192.168.100.1, upande wa DHCP (panapogawiwa anwani), aifunge hiyo MAC kwa .23. Printa inaendelea kuomba anwani kama kawaida, ila inapewa ileile kila siku.

BabaKebo
Visanduku vingine vya faiba kampuni zimefunga hayo mambo, mteja anaona jina la waifai na paswedi tu.

PotiTisa
Basi awapigie wamfungie wao. Wakikataa ndiyo afanye ya kwako, lakini achague namba iliyo nje ya zile zinazogawiwa.

FundiNyaya
Nakubaliana na PotiTisa. Na kwenye laptopu, ile waifai ya laini toa tiki ya kujiunganisha yenyewe, uwe unaichagua kwa mkono faiba ikifa.

Ila dawa hasa kwa nyumba yenye intaneti mbili ni kuwa na waifai moja. Baadhi ya ruta za laini zina tundu lililoandikwa LAN/WAN. Unavuta kebo kutoka kisanduku cha faiba mpaka hapo, unazima waifai ya faiba, kila kitu ndani ya nyumba kinakaa kwenye waifai ya ruta ya laini, printa ikiwemo. Faiba ikiwepo intaneti inapita huko, ikikatika laini inashika. Printa na laptopu havijui hata kama kuna kilichobadilika. Angalia tu ya kwenu, nyingine hubadilisha pale kebo inapochomoka, kwa hiyo kampuni ikizingua huku kisanduku kimewaka, itabidi uichomoe mwenyewe. Ukifuata njia hii printa itapata anwani ya 192.168.8, utaitenga huko na kuongeza poti upya.

MwalimuGoba
Mrejesho: kisanduku kimekubali kutenga anwani, tiki ya laini nimeitoa. Umeme umekatika tangu hapo, umerudi, printa imeitikia. Ya kebo baba watoto anasema tusubiri mwisho wa mwezi.

Limebaki dogo. Binti yangu ana iPhone, yuko kwenye waifai yetu ya faiba, lakini haioni printa kabisa, na printa yenyewe inakubali AirPrint, ile njia ya iPhone ya kuprinti kwa waifai.

FundiNyaya
Yuko kwenye waifai ipi hasa? Jina kamili.

MwalimuGoba
Ile ya wageni. Baba yake aliwaweka watoto huko ili iwe inazimwa saa tatu usiku.

FundiNyaya
Waifai ya wageni imetengenezwa hivyo makusudi, inampa mtu intaneti na kumzuia asione vifaa vya ndani. AirPrint haipiti hapo. Ama ahamie kwenye ya kawaida, ama akutumie faili.

MwalimuGoba
Basi atanitumia PDF kwa WhatsApp niprinti mwenyewe. Hayo ya kumhamisha aongee na baba yake.