Joto la kisiwani limenishinda, nyie mnafanyaje mazoezi?

Kasa: Wadau habari, huku kisiwani joto limepamba moto, nikikimbia dakika 10 tu niko hoi, jasho linamwagika na halikauki, halafu likizo bado ndefu sitaki kuimaliza nimelala chini ya feni. Mnafanyaje?

Upepo: Pole ndugu. Hewa ina unyevu mwingi ndo maana jasho halikauki, na lisipokauka mwili haupoi, sio kwamba umezeeka 😂 Anza mdogo mdogo, mwili huchukua kama siku 7 mpaka 14 kuzoea. Mi natoka saa 11 alfajiri, saa 2 nishaoga.

Chumvi: Ogelea tu. Ila hata baharini unatoka jasho, hulioni tu, kwahiyo maji unywe. Na saa 4 asubuhi mpaka saa 10 jioni jua balaa, vaa fulana ya mikono mirefu hata ukiwa majini.

Kasa: Sasa mchana wote huo?

Upepo: Kivulini. Mi nimeanza kujifunza gitaa, majirani wananichukia. Na ukisikia kizunguzungu mazoezini acha hapohapo, jimwagie maji, usijifanye komando.