Manifoldi ya 1JZ: fundi ananipiga kalenda. Nivumilie au nidai changu?

irv_kinyerezi

Wakuu salaam. Nina Mark II iR-V, JZX110 ya 2001. Barabarani wengi wanaidhani Grande ya kawaida ya mzee mstaafu, nami sina haraka ya kuwatoa kwenye imani hiyo. Chini ya boneti ipo 1JZ-GTE, injini ya silinda sita yenye turbo, gia za mkono.

Turbo ya kiwandani nimeitoa, nataka kufunga kubwa yenye flenji ya T4 (flenji ni uso bapa wa kufungia, T4 ni saizi yake). Flenji hiyo haikai kwenye manifoldi ya Toyota (mabomba yanayopeleka moshi wa injini kwenye turbo), kwa hiyo nikaagiza ya kutengenezewa kwa fundi mmoja huko Marekani. Mabomba ya stenlesi, silinda 1, 2 na 3 ziingie upande mmoja wa turbo, 4, 5 na 6 upande wa pili, na wastigeti mbili (vali za kupunguza presha ya turbo). Kwenye oda niliandika kwa herufi kubwa kwamba usukani uko KULIA. Nikalipa nusu. Tulikubaliana wiki nane.

Wiki nane zimeshasahaulika. Kila nikiuliza ni "wiki mbili tu". Mara flenji ziko kwa mkataji, mara msaidizi wake kaumia mkono, mara kuna mteja ana mashindano ikabidi atangulizwe. Kukata mawasiliano hajakata, hilo nampa haki yake. Anajibu, tena kwa adabu. Na hilo ndilo linanichanganya, maana tapeli angeshazima simu.

Gari iko juu ya mawe uani. Mama Nuru ameanza kuanika mapazia kwenye boneti na siwezi kusema neno. Shemeji yangu wa Houston anakuja Dar mwisho wa mwezi ujao na amekubali kunibebea kwenye begi. Akishapita huyo, itabidi nitumie kampuni ya vifurushi, na kwa uzito wa chuma kile bei yake mnaijua.

Fundi wangu wa hapa anasema tuachane na Wamarekani, twende kwa wachomeleaji wa mtaa wa Gerezani ichomelewe kwa siku mbili. Naomba ushauri wa watu waliowahi kusubiri kitu cha oda. Kusubiri filta ya oili sihesabu.

---

sita_mstari

Umepigwa mkuu. Pole sana. Huyo adabu yake ndiyo mtaji wake.

---

mchomeleaji_ilala

Mkuu irv, mimi nachomelea hapo hapo Gerezani, kwa hiyo haya ninayosema yanaumiza mfuko wangu mwenyewe. Usije.

Siku mbili utachomelewa, ndiyo, lakini muulize fundi wako bomba gani. Nimeona watu wanakata bomba la maji la mabati. Lile likishika moto linatoa moshi wa zinki, mchomeleaji analala na homa usiku kucha, na manifoldi yenyewe haifiki mbali. Moshi unaotoka kwenye silinda za injini ya turbo ukikanyaga gari kweli unapita nyuzi 800. Kiungo kibovu kitapasuka, na kipande kikimeguka safari yake ni moja tu, kwenye panga za turbo yako mpya.

Stenlesi nayo ina masharti. Ukichomelea kwa TIG (moto wa umeme unaokingwa na gesi) bila kupitisha gesi ya argoni ndani ya bomba, nje panapendeza na ndani panafanya ukoko wa chengachenga. Huwezi kuuona bila kuchungulia. Halafu stenlesi ikipata moto inatanuka kuliko chuma cha kawaida, kwa hiyo flenji ya hedi, ile inayofungwa kwenye injini, inapinda wakati wa kuchomelea. Lazima ifungwe kwenye kitako kizito, na mwisho ipelekwe mashineni isawazishwe uso. Wachache hapa wanafanya yote hayo, na wanaofanya hawatakwambia siku mbili.

Sasa huyo wa Marekani. Kazi yenyewe ya kukata na kuchomelea si ya wiki nane. Kinachokula muda ni foleni. Hawezi kukatisha flenji moja, anangoja oda zifike kadhaa za injini hiyo hiyo. Kwa hiyo "wiki mbili" ya fundi wa oda maana yake hajaanza, sawa na cherehani wa wiki ya Idi anayekwambia shati limebaki vifungo. Si lazima awe mwizi.

Acha kumuuliza lini, omba picha. Flenji ya hedi ikiwa juu ya meza, pembeni karatasi yenye jina lako na tarehe. Ukiipata, angalia matundu. Hedi ya VVT-i (toleo la baadaye la 1JZ) kama yako ina matundu ya moshi madogo kuliko 1JZ za zamani, na mtu wa haraka anaweza kukukatia ya zamani. Omba pia picha ya ndani ya bomba kwenye kiungo. Na uliza turbo itashikwa na nini. Bila kishikizo cha kuibeba toka kwenye blok, uzito wote unaning'inia kwenye viungo.

La mwisho ndilo linanitia wasiwasi zaidi. Injini za JZ zinatolea moshi upande wa kulia. Wamarekani usukani wao uko kushoto, upande wa kulia kwao ni uwanja wa mpira. Kwako ndipo shafti ya usukani inaposhuka. Kuandika KULIA haitoshi. Umempa kipimo?

---

mpemba_sharjah

Kaka, nusu uliyolipa ilipita wapi? Kama ni kadi, mara nyingi una siku 120 za kulalamika benki kwamba mzigo haujafika, kuanzia tarehe aliyoahidi kuuleta. Piga simu benki yako leo wakwambie yako inaisha lini. Hizi "wiki mbili" zinaweza kukuvusha mstari na wewe unacheka naye tu. Kama ulituma kwa TT, yaani hawala ya benki, basi umebaki na maneno.

Na la shemeji: begi si msamaha wa kodi. Aje na invoisi yenye bei ya kweli. VAT peke yake ni asilimia 18, na uwanja wa ndege wakiona chuma kinang'aa bila karatasi watakikadiria wao.

Halafu hedi umeiziba? Gasketi ya karatasi nzito na kipande cha bati kilichobanwa kwa nati za stadi (bolti zilizosimama kwenye hedi), siyo matambara. Tambara linavuta unyevu, na panya wanalipenda.

---

sita_mstari

Mchomeleaji umeongea. Mimi bado nasema kapigwa.

---

irv_kinyerezi

Nimerudi wakuu. Hedi ilishazibwa kwa bati, mpemba usiwe na hofu. Nililipa kwa kadi, na benki wanasema bado niko ndani ya muda, ila si mwingi.

Picha niliomba kama mchomeleaji alivyoelekeza. Siku ya kwanza kimya. Ya pili zikaja tano. Karatasi yenye jina langu ipo, matundu ni ya VVT-i, na ndani ya bomba ni safi. Kumbe alikuwa ameanza, mabomba yote sita yameshikizwa kwa nukta za moto, bado kuchomelewa moja kwa moja.

Nikachukua kadibodi ya boksi la friji, nikatoboa sehemu za stadi za hedi, nikaibandika mahali pa manifoldi. Fimbo ya fagio nikaifunga sambamba na shafti ya usukani, nikapima kutoka kila stadi ya nyuma hadi kwenye fimbo. Vipimo nikalinganisha na picha zake. Bomba la silinda ya 5 na la 6 yanapita pale pale shafti inaposhuka. Hayaigusi kidogo, yanaipita katikati.

Nikamtumia picha ya kadibodi na fagio lake. Akajibu baada ya saa moja: fremu anayopimia ameitoa kwenye Lexus IS300 ya kwao, usukani kushoto. Anasema atakata hayo mawili na wastigeti ya nyuma, ayapandishe juu, bila kuniongezea bei. Nimemwambia aandike tarehe mpya kwenye invoisi, na nusu ya pili haitoki mpaka nione picha ya mabomba mapya yakiwa na bomba la plastiki limesimama mahali pa shafti yangu. Tarehe kaandika. Iko ndani ya siku za benki.

Shemeji atakuja na vitenge tu safari hii. Mchomeleaji, kishikizo cha turbo hajakiweka kwenye bei yake, nadhani hicho nitakuja kwako. Bati la milimita ngapi linafaa?

---

mchomeleaji_ilala

Sita. Na uje na blok, usije na picha.