MJADALA: Beni ni ngoma yetu au ni gwaride la Mzungu?

Jamani, nauliza kwa nia njema. Juzi harusi ilipita na beni hapa mtaani Kikwajuni, Zanzibar: tarumbeta mbele, ngoma kubwa nyuma, kina mama katikati wanakata viuno. Anayeongoza kavaa kofia nyeupe ya bendi, utepe mwekundu, fimbo mkononi. Mzee jirani yangu akaguna: "Kasumba ya mkoloni hiyo."

Mie sikubali. Terence Ranger, mwanahistoria aliyefundisha Dar es Salaam miaka ya 1960, aliitolea beni kitabu mwaka 1975. Ilizuka miji ya pwani miaka ya 1890, watu wakiiga bendi za kijeshi, kisha Vita Kuu ya Kwanza ikaifikisha bara pamoja na askari na wapagazi. Vyama vikajipa vyeo, kuna kingi (mfalme), jenerali, kanali. Tanga walikuwapo Marini na Arinoti, wakitupiana mafumbo kwa nyimbo. Ranger alikataa kuiita kuiga kitupu: kushindana mtaa kwa mtaa kwa ngoma kulikuwapo pwani kabla, beni ilikuja kuvishwa gwanda tu.

Mie naongeza langu. Mkitaka kujua Mzanzibari ni nani, beni inamsema kuliko gwaride la Mapinduzi, Januari 12. Gwaride tunalitazama jukwaani, beni tunaingia ndani yake. Haya, nipingeni.

WA MCHANGANI: Nakupinga. Wanaopita pale uwanja wa Amaan, vikosi vyetu vya Zanzibar kama KMKM na JKU, ni watoto wetu wa kuzaa, si wa Mzungu. Bibi yangu hulisubiri gwaride lile tangu asubuhi, redio sikioni. Usimfanye mtazamaji tu.

WA WETE: Nyote mnasema "sisi" upesi sana. Huku Pemba kuna nyumba 1964, mwaka wa Mapinduzi, ni mwaka wa msiba, gwaride likianza redio inazimwa.

MWANZISHA MADA: Wa Wete, hapo umenikamata, na bibi wa Mchangani namwomba radhi. Ila harusi ya beni mnaizimia redio?

WA WETE: Harusi twaenda. Pilau haina chama.

WA MCHANGANI: Mie nina swali jengine. Agosti 2023 JWTZ, jeshi la Tanzania, waliwapa raia siku 7 wasalimishe mavazi yanayofanana na sare zao. Huyo kingi wenu wa Kikwajuni kofia kaisalimisha?

MWANZISHA MADA: Nimekwambia nyeupe! Hata yeye hajui ni ya jeshi gani.