Mjadala: Meno na utumbo wa binadamu ni vya mla nyama au mla mimea?

Ndugu zangu, hoja hii imezunguka sana kwenye makundi ya afya na hata kwenye semina za makanisani, naomba tuijadili wazi. Upande mmoja unasema mwili wetu ni wa mimea: hatuna makucha, utumbo ni mrefu, taya linasaga kwa kwenda kando. Upande wa pili unasema tuna chonge na tindikali kali tumboni, kwa hiyo nyama ndiyo chakula chetu na ugali ni balaa. Msimamo wangu ni kwamba kila upande unachukua kiungo kinachoufaa na kukinyamazia kingine. Mwili ukisomwa wote ni wa mla vyote, tena mla vyote asiyeweza kuishi bila jiko.

Nianze na meno, maana ndiyo hoja inayopendwa. Chonge si ushahidi wa kula nyama. Gorila dume ana chonge za kutisha na chakula chake ni majani, mashina na matunda. Chonge zile ni za kupigana na kutishana. Zetu hata ngozi mbichi ya mbuzi haziitoboi. Lakini watetezi wa mimea wasishangilie mapema. Mwaka 1959, pale Bonde la Olduvai, mtafiti wa mabaki ya kale Mary Leakey alifukua fuvu la Zinjanthropus, kiumbe mwenye magego makubwa ajabu na taya la kusagia mimea migumu. Huyo ndiye aliyekuwa na mdomo wa mla mimea hasa katika ukoo wetu, na alitoweka bila kuacha kizazi. Eneo hilohilo, kwenye tabaka la takriban miaka milioni 1.8 iliyopita, imekutwa mifupa ya wanyama yenye alama za kukatwa kwa mawe na kupasuliwa ili kutoa uboho. Aliyeipasua hakuhitaji makucha, jiwe lilimtosha.

Kwenye utumbo ndipo hesabu inapopindishwa. Tunaambiwa mla nyama ana utumbo mara tatu ya urefu wa mwili wake, na mla majani mara kumi au zaidi. Sawa, binadamu je? Ukigawa mita 7 hivi za utumbo kwa kimo cha mita 1.7, unapata kama 4. Lakini wanyama wenye miguu minne hawapimwi pamoja na miguu. Ukimpima mtu kuanzia utosini hadi makalioni tu, unapata karibu 8. Kwa hiyo mtu anachagua jibu kwanza, kisha anachagua pa kuanzia kushika futi kamba.

Kipimo cha maana zaidi ni mgawanyo wa sehemu. Kwa sokwe mtu, karibu nusu ya ujazo wa njia ya chakula ni utumbo mpana, unaochachusha majani na nyuzinyuzi. Kwetu ni kinyume: zaidi ya nusu ni utumbo mwembamba, unaofyonza chakula ambacho tayari kimelainika. Na hata sokwe mtu mwenyewe, kwa utumbo wake ule, huwinda mbega na kuwala. Mtafiti wa sokwe Jane Goodall aliwaona wakila nyama kule Gombe mwaka 1960, wakati wengi waliamini wanakula mimea tu.

Je, basi sisi ni simba? Hapana. Simba hutengeneza vitamini C mwilini mwake, sisi hatuwezi. Mate yetu yana amilesi, kimeng'enya cha kuvunja wanga, na wengi wetu tuna nakala nyingi za jeni lake kuliko sokwe mtu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa jamii zinazokula wanga mwingi, Wahadzabe (wawindaji wanaochimba pia mizizi) wakiwemo, kwa wastani zina nakala nyingi kuliko jamii za wanga kidogo, wakiwemo Wadatoga ambao ni wafugaji. Hawa ni majirani huko Ziwa Eyasi! Mwaka huohuo, utafiti ulioongozwa na Sarah Tishkoff ulionyesha kuwa wafugaji wa Afrika Mashariki wana badiliko lao la jeni, tofauti na la Wazungu, linalomwezesha mtu mzima kumeng'enya maziwa. Mwili umekuwa ukifuata chakula cha watu, na bado unafuata.

Na jiko tusilisahau. Maharage mekundu mabichi ni sumu. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, ndiyo maana bibi zetu waliuloweka na kuuanika. Mla mimea anayedai anakula kama maumbile yalivyotaka, moto na sufuria amevihesabu wapi?

Najua mtaniletea hoja ya saratani. Ni kweli, mwaka 2015 wakala wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliweka nyama za kusindikwa, kama soseji, kwenye kundi la visababishi vya saratani. Hiyo ni hoja nzito ya kupunguza soseji. Haisemi lolote kuhusu meno.

Kinachonikera ni madhara kwa watoto. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mama akishaambiwa kwamba yai, dagaa na maziwa si chakula cha binadamu, mtoto anabaki na uji mtupu wa mahindi, na kitumbo chake hakiwezi kubeba uji wa kutosha kufidia. Mtu mzima anayeacha vyote vya wanyama anaweza kumeza vidonge vya vitamini B12, maana mimea haimpi. Mtoto wa kijijini atavipata wapi?

Aliye na hoja ya imani (najua Mwanzo 1:29, panapotaja mimea kuwa chakula, husomwa sana) au ya huruma kwa wanyama, aiseme hivyo. Ni hoja ya heshima, na mimi nitaisikiliza bila kudai ushahidi wa utumbo. Lakini anayeleta anatomia ajibu haya: wa mimea, B12 mwili uliipata wapi kabla ya vidonge? Na wa nyama tupu, amilesi yote hiyo mdomoni inafanya kazi gani?