Madereva wa teksi Nairobi, huo mkanda mnamfungia nani?

Wadau, nimevumilia nimechoka. Kila nikiita teksi kwa simu hapa mjini naletewa dereva yule yule kwa sura tofauti. Mkanda amevaa, ndiyo, lakini umening'inia kifuani kama mkufu wa bibi harusi. Ukiangalia pale juu kwenye nguzo ya mlango unaiona klipu imeubana usirudi ndani. Wengine wameweka ya plastiki waliyouziwa kwenye foleni, wengine kibanio cha kuanikia nguo! Halafu mtu huyo ndiye anayenipeleka Thika Road kwa kasi ya kuwahi mteja mwingine.

Wa juzi ndiye aliyenimaliza. Tumetoka Roysambu, naenda Upper Hill. Karibu na Muthaiga akawaona trafiki mbele. Akaichomoa klipu haraka, mkanda ukajikaza wenyewe, akakaa wima kama mwanafunzi wa kipaimara. Tulipofika Pangani klipu imesharudi mahali pake. Nikamwambia, "Kaka, si uache tu ulivyokuwa?" Akanijibu, "Madam, ukinibana hivyo nakosa pumzi. Na si nimefunga?"

Hapana, hujafunga. Umejipamba.

Hebu tuelewane, maana naona wengi wanadhani kazi ya mkanda ni kukuzuia usiruke nje kupitia kioo, basi. Gari likienda kilomita 60 kwa saa linakula karibu mita 17 kila sekunde. Likigonga lori kwa nyuma, gari linasimama, lakini mwili wako bado uko kwenye ile 60. Mkanda uliokaa sawa unaanza kukushika papo hapo, mnapunguza mwendo pamoja, wewe na gari. Uliolegea unakuacha kwanza uende bure. Ukija kukudaka, gari limeshasimama na wewe bado unakwenda, kwa hiyo mbavu zinapokea kwa mkupuo mmoja mzigo ambao zingeupokea kidogo kidogo. Yote haya yanaisha kabla hujapepesa jicho, usiniambie utashika usukani ujizuie.

Na hiyo ni sehemu ya kifuani tu. Ile ya chini, madereva wenye vitambi (na hapa hatukosi), mnaipitisha juu ya tumbo kwa sababu chini "inabana". Inatakiwa ilale chini, kwenye mifupa ya nyonga, kwa sababu mfupa unaweza kustahimili. Tumboni kuna matumbo, ini na bandama. Ongeza sasa kile kiti mnachokilaza nyuma mkiendesha kwa mkono mmoja: gari likigonga unateleza chini ya mkanda, nao unakukata tumbo lile lile ulilokuwa unalionea huruma. Mama mjamzito ndiye anayehitaji hili kuliko wote, mkanda upite chini ya tumbo, na nimeshaona dereva akimwambia mmoja aache tu kufunga "asimuumize mtoto". Daktari gani huyo?

Kuna wanaojitetea kwamba gari lina mifuko ya hewa. Mfuko huo umetengenezwa ukitarajia kwamba mkanda umeshakushika kitini. Mkanda ukilegea unausogelea wakati ndio kwanza unafumuka, na unafumuka kwa nguvu. Magari mengi ya kisasa pia yana kifaa cha kuuvuta mkanda ajali inapotokea, lakini kinavuta sentimita chache tu, hakikuwekwa kumeza ulegevu wa klipu. Tena kikishafyatuka mara moja lazima kibadilishwe. Gari lililotoka Japani likiwa mtumba, likagonga, likanyooshwa bodi gereji na kupigwa rangi, nani alikumbuka kukibadilisha?

Mimi nadhani ugonjwa huu ni wa zamani. Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, alipowabana wenye matatu mwaka 2004 wakaweka mikanda, nchi nzima ilijifunza kufunga, lakini tulijifunza kumfungia polisi. Hata leo makanga anapiga kelele "fungeni mikanda, kuna karao mbele!" na mkishapita kizuizi unasikia vifungio vinafunguliwa gari zima. Faini ya kutofunga ni shilingi 500. Basi watu wanazilinda hizo 500 kwa bidii kuliko bandama.

Hasira yangu nyingine ni kwa wenye biashara. Nilijaribu kulalamika kupitia simu. Wamekuwekea uchague: dereva ana matusi, gari chafu, alipita njia ndefu, alidai pesa zaidi. Mkanda haumo. Nikaandika mwenyewe, nikajibiwa pole na punguzo la safari ijayo! Na nyuma ndiko usiseme, kava za viti zimefunika vifungio kabisa, unachimba mpaka unashuka.

NYONGEZA: Nimesoma majibu. Anayesema mkanda unamkata shingo, magari mengi yana kitelezi pale kwenye nguzo, kishushe ukae katikati ya bega. Anayesema unamchafulia shati jeupe, uvute wote nje, uoshe kwa sabuni na maji ya vuguvugu, uuache ukauke kabla ya kuurudisha. Usitie dawa ya kung'arisha nguo, inadhoofisha nyuzi. Anayesema siku ikifika imefika, Shirika la Afya Duniani linasema mkanda unapunguza hatari ya kifo kwa wanaokaa mbele kwa asilimia 45 hadi 50, kwa hiyo huenda siku yako haijafika, unaiita.

Na dere utakayenibeba kesho asubuhi kutoka Roysambu: toa hiyo klipu kabla sijafungua mlango, la sivyo naghairi safari na naita mwingine.