Saba Saba ni ya nani? Siku ya Kiswahili ibaki 7 Julai au ihamishwe?

Fundi Kalenda
Wakuu, naweka mada. Tarehe 7 Julai imebebeshwa mizigo mingi mno. TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, kilizaliwa siku hiyo mwaka 1954. Kenya walikusanyika Kamukunji, Nairobi, siku hiyo mwaka 1990 kudai vyama vingi. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliosainiwa Arusha 30 Novemba 1999, ukaanza kutumika 7 Julai 2000. Na tangu 2022 ndiyo Siku ya Kiswahili Duniani. Kwa Tanzania ongeza maonyesho ya biashara ya Barabara ya Kilwa, yanayoanza mwishoni mwa Juni na kumeza wiki mbili nzima. Matokeo yake Kiswahili kinapewa kona: hotuba mbili, shairi, ngoma, kisha watu wanakimbilia mabanda ya friji.

Ibaki au tuombe ihamishwe? Msiseme haiwezekani. Siku ya Kihispania ya Umoja wa Mataifa ilikuwa 12 Oktoba, ikahamishiwa 23 Aprili, na dunia haikuanguka.

Na tuwafikirie jirani zetu wa Nairobi, ambako siku hiyo hata shairi halisikiki kwa mabomu ya machozi.

Kamukunji Mixed
Nimesoma yote vizuri mpaka hapo mwisho ukaleta madharau. Hayo mabomu unayachekea ndiyo yalifungua milango. Wanasiasa Matiba na Rubia walisema hadharani Mei 1990 kwamba wanataka vyama vingi. Wakaomba kibali cha mkutano, wakanyimwa. Wakatiwa ndani 4 Julai, siku tatu kabla. Watu wakajitokeza vilevile. Kifungu cha 2A, kilichoingizwa kwenye katiba 1982 kuruhusu chama kimoja tu, kikang'olewa Desemba 1991. Nyinyi mkapata vyama vingi Julai 1992 bila hata jiwe moja kurushwa. Semeni asante kwanza, ndio mtuletee mambo ya mashairi.

Mtoto wa Kilwa Road
Bila jiwe kurushwa ndiyo sifa yenyewe, mkuu. Tume ya Jaji Nyalali ilizunguka nchi, wananchi wengi wakasema chama kimoja kiendelee, na bado ikashauri vyama vingi viruhusiwe. Tusingoje Kamukunji ituamshe.

Halafu jina la Saba Saba mmelichukua kwetu. 1990 sisi tulikuwa tunaadhimisha Saba Saba miaka na miaka.

Kamukunji Mixed
Jina la tarehe lina hatimiliki? 7/7 ulitaka tuiite Nane Nane? Mwaka ule iliangukia Jumamosi, siku ya kuita mkutano popote pale duniani. Na haikuishia hapo: 7 Julai 1997 watu waliitisha mageuzi ya katiba kabla ya uchaguzi, polisi wakaingia mpaka ndani ya kanisa kuu la All Saints. 2014 mkutano Uhuru Park. 2025 maandamano tena. Kwetu hii tarehe iko kazini, haijastaafu ikawa siku ya kununua sufuria.

Bi Shangani
Mnagombania jina, na mwenye lugha hajaulizwa. Tarehe 7 Julai 1954 Zanzibar haikuwamo. TANU ilikuwa chama cha Tanganyika. ASP (Afro-Shirazi Party) ya Zanzibar ilizaliwa 5 Februari 1957, na vyama hivyo viwili havikuungana mpaka 5 Februari 1977. Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliposema Kiswahili sanifu kijengwe juu ya lahaja moja, ulichagua Kiunguja, lahaja yetu ya Zanzibar. Leo siku ya lugha anapewa chama cha bara, na sisi tunaalikwa kupiga taarabu jioni. Hii ndiyo hoja, wanangu, si mabomu wala sufuria.

Mvita Halisi
Bi Shangani, shikamoo, lakini hapo kwenye 1928 umetia kidole jichoni. Mkutano ule ulikaa kwetu Mombasa na ukaacha Kimvita, lahaja yetu, mlangoni. Walioamua ni maafisa wa ukoloni na wamisionari. Kamati ya Lugha ilipoanza 1930, ilikuwa kazi ya kusanifisha vitabu vya shule za nchi nne zilizokuwa chini ya Waingereza: Kenya, Uganda, Tanganyika, Zanzibar. Ukitaka tarehe ya lugha, nenda kisiwa cha Pate. Utendi wa Tambuka, shairi refu la Kiswahili, una hati ya 1728, zaidi ya miaka 200 kabla ya TANU, kabla ya hiyo kamati, kabla ya Kiunguja kupata cheo.

Bi Shangani
Marahaba mwanangu. Cheo hatukukiomba, tulipewa.

Fundi Kalenda
Turudi kwenye tarehe jamani. Tambuka haitusaidii, na sababu ni ya kiufundi. Hati ile imewekewa mwaka 1141 hijria, ndiyo hiyo 1728 mnayoitaja. Ukiadhimisha kwa hijria, tarehe itarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa kawaida, na itazunguka misimu yote kwa takriban miaka 33. Ofisi za kimataifa hazitaki siku inayotembea. Zinataka tarehe moja ichapwe kwenye kalenda ya ukutani.

Angalieni wenzetu walivyochagua. Kirusi: 6 Juni, kuzaliwa kwa Pushkin. Kiingereza: 23 Aprili, kwa ajili ya Shakespeare. Kihispania: 23 Aprili hiyohiyo, kwa ajili ya Cervantes. Kiarabu: 18 Desemba, siku Baraza Kuu lilipokipokea kuwa lugha rasmi mwaka 1973. Kifaransa: 20 Machi, kwa mkutano wa Niamey wa 1970. Kireno wakapata 5 Mei. Hakuna hata kimoja kilichokwenda kwenye siku ya chama cha siasa.

Msomi wa Magomeni
Shakespeare na Cervantes walikufa siku moja, 23 Aprili 1616. Hiyo ni ishara kabisa. Lugha kubwa zina bahati zake.

Fundi Kalenda
Ishara gani, ndugu? Hawakufa siku moja. Uingereza ilikuwa bado inatumia kalenda ya Julius. Hispania ilikuwa imehamia ya Gregori tangu 1582. 23 Aprili ya Uingereza ilikuwa 3 Mei ya Hispania. Na Cervantes mwenyewe alikufa tarehe 22, akazikwa 23.

Msomi wa Magomeni
Sasa unataka kutuambia Umoja wa Mataifa hawajui hesabu? Tofauti ya kalenda hizo ni siku 13, kila mtu anajua. Hiyo 3 Mei umeitoa wapi?

Fundi Kalenda
Hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Siku 13 ni tofauti ya sasa, kuanzia Machi 1900 mpaka Februari 2100. Kalenda ya Julius inaongeza siku kila mwaka unaogawanyika kwa 4 bila kubagua. Ya Gregori inaruka miaka ya mamia isiyogawanyika kwa 400. Kwa hiyo pengo lilikua siku moja 1700, moja 1800, moja 1900. Mwaka 1600 na 2000 hazikuongeza kitu. Kuanzia Oktoba 1582 mpaka Februari 1700 unaongeza 10. Mpaka Februari 1800 unaongeza 11. Mpaka Februari 1900 unaongeza 12. Baada ya hapo 13.

Jaribu kwa Pushkin: alizaliwa 26 Mei 1799 kwa kalenda ya Urusi. Ongeza 11, unapata 6 Juni. Ukiongeza 13 yako unapata 8 Juni, na Warusi wote watakuwa wamekosea sherehe.

Mtoto wa Kilwa Road
Mada ya Saba Saba imefika kwa Pushkin. JamiiForums kabisa hii 😂

Msomi wa Magomeni
Sawa profesa wa kalenda. Lakini jibu hili: Umoja wa Mataifa ulipitisha 7 Julai mwaka 2021, nchi zote zikakubali. Mbona leo mnalalamika?

Karani Mstaafu
Mwaka 2021 haikuwa Umoja wa Mataifa mzima, ilikuwa UNESCO, Mkutano Mkuu wa 41, mwezi Novemba. Azimio ni 41 C/61. Namba inasomeka hivi: 41 ni kikao, C ni Mkutano Mkuu. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikuja kuitambua siku hiyo 1 Julai 2024 kwa azimio 78/312, yaani kikao cha 78, azimio la 312. Ni vyombo viwili na maazimio mawili.

Kwa hiyo anayetaka kuhamisha tarehe asilete kelele mtandaoni. Nchi mwanachama iandike pendekezo na maelezo ya sababu. Lipite Bodi ya Utendaji ya UNESCO. Liingie ajenda ya Mkutano Mkuu, ambao hukaa mara moja kila miaka miwili, mwaka wa witiri. Likipita huko, bado una azimio la New York lenye tarehe ya zamani, inabidi ulitengue kwa azimio jingine. Mfano wa Kihispania hauingii hapa: zile siku za lugha sita rasmi zilikuwa utaratibu wa ndani wa Sekretarieti, hazikuhitaji kura ya nchi.

Mvita Halisi
Na hiyo sababu waliyoandika UNESCO mmeisoma? Wanasema 7 Julai 1954 TANU chini ya Nyerere ilitangaza Kiswahili kuwa chombo muhimu cha kupigania uhuru. Siku ile kilichofanyika ni chama cha TAA (Tanganyika African Association) kugeuzwa TANU na kupitisha katiba ya chama. Nionyesheni azimio la lugha la siku ileile. Kiswahili kutumika kwenye mikutano ya TANU ni kweli. Lakini kutumika si kutangazwa.

Mtoto wa Kilwa Road
Unataka muhuri? Nyerere alianzisha chama, akazunguka nchi nzima akihutubia kwa Kiswahili karibu kila mahali bila mkalimani, kitu ambacho jirani zetu hawakuweza. Hilo ndilo tangazo.

Gerezani Mtaa wa Kipata
"Nyerere alianzisha chama." Tumerudi palepale. Waasisi walikuwa 17. Abdulwahid Sykes, Ally Sykes, Dossa Aziz, John Rupia, Tewa Said Tewa, Saadani Kandoro, Patrick Kunambi, Germano Pacha, Kirilo Japhet na wengine. TAA, mwanzoni ikiitwa African Association, ilikuwapo tangu 1929, na Nyerere alichaguliwa rais wake 1953 tu. Nyumba ilishajengwa, yeye akakabidhiwa funguo.

Mtoto wa Kilwa Road
Hakuna aliyewakana. Lakini rais wa TANU alikuwa nani siku hiyo? Basi.

Gerezani Mtaa wa Kipata
Ndiyo maana siku ya chama ikawa siku ya mtu mmoja, halafu ikawa ya wakulima, wakulima nao wakapelekwa Nane Nane, ikabaki ya wafanyabiashara. Kila awamu inapaka rangi yake.

Kamukunji Mixed
Hapo kwa rangi mmegusa kitu. Kwetu 10 Oktoba ilikuwa Moi Day, ikawa Huduma, ikawa Utamaduni, sasa ni Mazingira. Tarehe ni ileile, likizo ni ileile, jina ndilo linabadilishwa. 20 Oktoba ilikuwa Kenyatta Day mpaka katiba ya 2010 ikaifanya Mashujaa.

Na kwa wale wanatuambia tufanye Saba Saba sikukuu: kuna njia mbili, msichanganye. Siku za kitaifa ni tatu tu, zimeandikwa kwenye Ibara ya 9 ya katiba: Madaraka, Mashujaa, Jamhuri. Kuingiza ya nne ni kurekebisha katiba. Likizo ya kawaida ni Sheria ya Sikukuu za Umma peke yake, Bunge linabadilisha jedwali, mambo yameisha. Tatizo si utaratibu. Serikali gani itatoa likizo ili watu wapate nafasi nzuri ya kuandamana?

Bi Shangani
Basi sisi tumekwisha kusahauliwa tena. Nimesema Zanzibar haikuwamo, hakuna aliyejibu.

Karani Mstaafu
Bi mkubwa, jibu ni hili: tarehe yoyote ya siasa itamwacha mtu nje. 12 Januari, siku ya Mapinduzi, itawakera wengine kwenu humohumo. Ndiyo maana mimi ningeitetea 7 Julai kwa sababu ya mwaka 2000, mkataba wa Jumuiya, si kwa 1954. Uzito wa nchi wanachama uko hapo.

Bi Shangani
Mkataba ule uliandikwa kwa Kiingereza, mwanangu.

Mvita Halisi
😂😂 Bi Shangani kafunga kesi.

Karani Mstaafu
Hajafunga kitu. Ibara ya 137 ya mkataba, ilipoandikwa, ilisema lugha rasmi ya Jumuiya ni Kiingereza, na Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano mapana. Lalamikeni hapo, ndipo penye kazi. Tarehe mnaweza kuiacha.

Msomi wa Magomeni
Mwaka 2027 tutakuwa tunaadhimisha miaka mitano ya Siku ya Kiswahili, muandae hoja zenu mapema.

Fundi Kalenda
Miaka mitano ndiyo, lakini maadhimisho yatakuwa ya sita. Ya kwanza yalikuwa 2022 yenyewe, mwaka sifuri. Waandishi wa mabango huchanganya hizo mbili: "miaka" unahesabu mapengo, "maadhimisho ya" unahesabu sherehe. Kuzaliwa kwa TANU kulitimiza miaka 70 tarehe 7 Julai 2024, siku sita baada ya lile azimio la New York. Mwenye bango la 2027 alipeleke kwa mchapaji akijua anaandika 5 au 6, na aseme ni ya nini.