Nimemaliza unesi, nianzie wapi: kliniki ya Kampala au hospitali ya misheni?

sista_mpya_busia:
Shikamooni wakubwa. Mimi nimemaliza diploma ya unesi, namba ya Council, baraza la manesi, nimeshapata na laiseni iko mkononi, mama ameipiga picha akaituma kwa ukoo mzima mpaka wajomba walioko Kenya 😂 Nyumbani ni Busia, upande huu wetu wa Uganda.

Sasa shida ni hii. Kuna kliniki ya mtu binafsi Kampala wananitaka nianze Jumatatu, laki sita kwa mwezi na chumba cha kulala kiko hapohapo nyuma. Halafu kuna hospitali ya misheni huko mbali, ukishuka taxi bado unapanda boda, wao wanatoa laki nne na nusu na nyumba ya manesi mnakaa watatu. Nyumbani wote wanasema Kampala. Mimi moyo unasita kwa sababu nilimuuliza yule bosi wa kliniki usiku tunakuwa wangapi, akacheka, akasema usiku watu si wengi wewe mmoja unatosha, na mlinzi yupo. Mlinzi!!

Na kusema ukweli naogopa. Shuleni tulikuwa tunazunguka kitanda kimoja wanafunzi kumi, kanula, zile sindano za mshipani za kupitishia dawa, nilizoweka mwenyewe nazihesabu kwa vidole. Pia kazi ya serikali mtu anaingiaje? Nyinyi mlianzaje?

inchaji_wa_zamani:
Marahaba mwanangu, na hongera. Hiyo "mlinzi yupo" nimeisoma mara mbili.

Ngoja nikuambie usiku wangu mmoja. Nilikuwa na miezi miwili kazini, sitasema wapi, msimu wa mvua, malaria imejaa mpaka watoto wanalala wawiliwawili kitandani. Saa nane usiku boda inaingia na mama mmoja amembeba mtoto kwenye kitenge, mtoto wa miaka kama mitatu, ana degedege, macho yamegeuka juu. mRDT, kile kipimo cha haraka cha malaria, ikasoma positivu, mimi moja kwa moja nikakimbilia artesunate, maana kichwani mwangu malaria kali ni artesunate basi. Natikisa kichupa mikono inatetemeka, mshipa siuoni, nimechoma mkono wa kulia mara mbili nimekosa, mama analia, stima nayo imekatika. Kulikuwa na msaidizi wetu mmoja, mama mtu mzima, masomo yake hayakufika mbali lakini wadi ile alikuwa anaijua kuliko daktari. Akaja na tochi ya simu akaniuliza polepole ili yule mama asisikie, "Sista, sukari umepima?"

Sikuwa nimepima. Tukapima, 1.6, imeshuka vibaya. Yeye akashika tochi akanionyesha mshipa wa mguuni, nikaupata, dextrose 10%, yale maji ya sukari, ikaingia polepole, na kabla sijamaliza kusukuma bomba la sindano yule mtoto akafumbua macho akaanza kumtafuta mama yake. Artesunate tukampa, ya pili masaa 12 baadaye, ya tatu masaa 24, siku iliyofuata anakula uji.

Na mimi hayo ya sukari kushuka kwenye malaria kali niliyasoma, niliyaandika kwenye mtihani nikapata alama zote! Usiku ule hayakuja. Sasa niambie, kama ningekuwa na mlinzi?

kijana_wa_bombo:
Heshima kwako mama inchaji lakini tusimtishe mtoto wa watu, hela pia ni hela, 150,000 ya tofauti kila mwezi si ya kutupa hasa kama nyumbani wanakungoja wewe na wadogo zako wako shule. Mimi nilianzia kliniki Kampala na sikuua mtu. Kanula nikazijua ndani ya mwezi mmoja, naweka hata macho yamefungwa.

Ila nitasema na ubaya wake. Pale kila homa ilikuwa ni dripu, mafua ni sindano ya ceftriaxone, antibayotiki, kwa sababu mgonjwa akitoka bila kuchomwa sindano anaona ameibiwa na bosi anaona hajapata kitu. Baada ya mwaka nikahamia hospitali kubwa, inchaji ananiuliza huyu umempa antibayotiki kwa nini, sina jibu. Ilibidi nianze upya, na hiyo ilinitia aibu kuliko vile ningeanza bila kujua kitu.

Kama bado unataka kliniki, mkataba uwe wa karatasi si wa mdomo, uliza daktari wa kupigiwa simu usiku ni nani na anakaa wapi, na wakitaka vyeti vyako orijino wakuwekee kwenye kabati, kimbia. Toa fotokopi. Mimi vyangu vilikaa miezi mitano nikivifuata.

bosi_lk:
Laki sita mnabishania nini, nendeni Uarabuni

inchaji_wa_zamani:
@bosi_lk huko swali la kwanza watamuuliza amefanya kazi miaka mingapi na wapi. Ataandika "na mlinzi"?

musawo_wa_kambini:
Mimi niko Nakivale, kwenye kambi ya wakimbizi, nijibu hilo la serikali kwa sababu wengine wameliruka. Ziko njia mbili watu wanachanganya. Kazi za wilaya, yaani vituo vya afya hivi vya HC III, HC IV na hospitali za wilaya, zinatangazwa na District Service Commission ya wilaya yenyewe. Hospitali za rufaa za mikoa na Mulago ni Health Service Commission, kule Kampala. Wilaya nyingi bado wanataka fomu ya kuomba kazi serikalini, PSF 3, nakala tatu, imejazwa vizuri, na majina yako yalingane, kitambulisho, cheti na laiseni, herufi moja ikikosa wanakuweka pembeni. Bila kujua mtu? Mimi sikumjua mtu, niliomba wilaya nne, ya nne ndiyo ikaniita kwenye intavyuu, sikupata, nikabaki huku kwenye shirika na siku hizi sina haraka.

Na hicho Kiswahili chako usikidharau dada. Huku wagonjwa wetu wengi ni Wakongomani, mama anakuambia "mutoto anahara tangu jana, na kutapika anatapikaka" na wewe unamuelewa hapohapo, wenzako wanatafuta mkalimani. Kwenye intavyuu waliniuliza lugha kabla ya kuniuliza dawa.

Kitu kingine kidogo, ukiingia serikali au misheni inayopata dawa za serikali, ile yenye chapa ya UG usiibebe hata kidonge kimoja kwenye mkoba, hata kama ni cha kichwa chako mwenyewe. Nimeona mtu anapandishwa gari la polisi saa nne asubuhi mbele ya foleni ya OPD, wagonjwa wa nje.

sista_mpya_busia:
Asanteni sana jamani, mama inchaji umeniliza kwenye taxi watu wananiangalia. Leo nimewapigia wale wa misheni nikauliza usiku wadi ya watoto wanakaa wangapi, sista aliyepokea akasema wawili na msaidizi, na daktari analala ndani ya kompaundi. Akaniambia miezi mitatu ya kwanza sitawekwa naiti kabla inchaji hajanisaini. Sijui nimueleze vipi baba hiyo laki na nusu lakini nimesema nitaripoti tarehe moja. Nibebe nini?

inchaji_wa_zamani:
Baba niachie mimi, nitumie namba inbox. Beba saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde, ya kuhesabu pumzi za mtoto, usitegemee simu. Sweta, usiku kuna baridi. Tochi yako mwenyewe na betri za akiba. Raba nyeusi zisizo na kelele.

kijana_wa_bombo:
Na kalamu dazeni nzima. Madaktari ni wezi wa kalamu.